Mzinga wa Kobilo

Komeo la mlango wa Benta lilikuwa na tabia ya kulia. Kila alfajiri lilitoa mlio mwembamba, kama kifaranga aliyekanyagwa, na Waiyego, jirani wa chumba cha pili pale mtaani Kapsoya, Eldoret, akajua kumekucha. Ijumaa ile Benta alikuwa amelipaka mafuta ya kupikia tangu jioni ili atoke kimya. Likalia vile vile.

"Benta, unaenda wapi na baridi hii?" Waiyego aliuliza kupitia ukutani.

"Sokoni."

Kisha akaweka chupa ya chai mlangoni pa Waiyego, kama alivyofanya kila siku tangu miguu ya jirani yake ilipoanza kuvimba, akaenda zake na uongo wake.

Hakupenda kudanganya. Lakini yeye na wenzake wawili wa kikundi cha maombi walikuwa wamekubaliana: siku tatu bila chakula, bila maji, bila simu, na bila kumwambia mtu. Walikuwa wamesoma jinsi Yesu alivyowaonya wanaofunga ili waonekane na watu, wakaona basi kuficha ndiko kutii. Simu zao tatu zilikuwa zimezimwa ndani ya mkebe wa unga nyumbani kwa Benta.

Safari yenyewe ilikuwa ya Lawrence Wanyonyi, mpasua mbao wa Kiplombe, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Mkewe Nabwire alikuwa amelazwa mjini akiwa na uvimbe tumboni, na Jumatatu angepasuliwa. Daktari hakuwaficha kwamba huenda asiamke. Lawrence akaweka nadhiri kwamba hakuna kitu kitakachopita midomoni mwake mpaka Jumatatu asubuhi. Benta alikubali kufunga naye kwa sababu alimpenda Nabwire. Joyline, karani wa duka la mbegu, alikubali kwa sababu alipofika Eldoret bila hata godoro, Nabwire ndiye aliyemgawia lake.

Waliteremka kwa miguu mahali ambapo nyanda za juu zinakatika ghafla na Bonde la Kerio linaanza. Njia ilikuwa nyembamba kama mshipi, msitu upande mmoja na hewa tupu upande wa pili. Adhuhuri wakafika kwenye pango la maombi walilosimuliwa na wengine. Wakaomba. Jioni mvua ikaja, mvua ya mwezi wa nne isiyojua kupumzika, na ikanyesha hadi asubuhi.

Jumamosi walitoka nje ya pango kunyoosha miguu, Lawrence akiwa mbele. Benta alisikia mlima ukikohoa. Hakuwa na neno lingine la kueleza sauti ile. Miti ya juu iliinama yote pamoja, kisha udongo mwekundu ukashuka ukibeba mawe, mizizi na kila kilichokuwa mbele yake. Ulipotulia, njia haikuwapo. Lawrence alikuwa amelala chini, jiwe la ukubwa wa ndama likiwa juu ya mguu wake wa kushoto.

Walilisukuma kwa kipande cha mti, Joyline akilia na kusukuma, mpaka likabingirika. Mfupa ulikuwa umevunjika chini ya goti na nyama imefunguka. Benta aliichana leso yake vipande vipande. Alifunga juu ya jeraha, akaweka vijiti viwili pembeni, akafunga tena. Lawrence hakupiga kelele. Alikuwa akishika mkono wa Joyline, na Benta aliona kwamba hata katika maumivu yale alijizuia asiuminye sana.

Udongo ulikuwa umewatenga na pango, kwa hiyo wakamvuta hadi chini ya mwamba. Joyline akajaribu kupanda. Ukuta wa udongo ulimrudisha mara nne, mara ya nne viganja vimechunika. Chini kulikuwa na genge ambalo jiwe likitupwa halisikiki likitua. Walipiga mayowe mpaka sauti zikakauka. Ndipo Benta akaelewa jambo ambalo mioyo yote mitatu ilikuwa imelizunguka.

"Hakuna anayetutafuta," alisema.

Joyline alianza kupangusa damu kwenye viganja vyake.

Mchana mvua ilirudi, Benta akatandaza kitambaa chake cha kichwa, kisha akakikamulia ndani ya jani pana. Akampa Joyline, kisha akanywa mwenyewe bila kuomba ruhusa ya mtu. Alipomfikishia Lawrence, Lawrence aligeuza uso.

"Nimeapa, mama."

"Umetoka damu nyingi, mwanangu."

"Nikivunja, Nabwire hataamka."

Alimbembeleza. Joyline alimbembeleza, akamtania kwamba mkewe hangemtambua akiwa mwembamba hivyo, kisha akamkaripia, kisha akakaa kando akiwa ameziba masikio. Lawrence alifunga midomo. Kulipokucha Jumapili mvua ilikuwa imekatika, na jua likaanza kuwapiga kwenye mwamba ule mtupu. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Ngozi ya mkono ukiifinya ilibaki imesimama. Mara mbili alimwita Nabwire, mara ya tatu akamwita Benta kwa jina la mamake. Benta alikuwa ameuguza watu wengi maishani, na alijua mtu huyu hatafika Jumatatu.

Joyline alitoka kutafuta kuni kavu wasizokuwa na moto wa kuziwasha, ili tu asikae akitazama. Akarudi na shavu limevimba, amekumbatia kipande cha gogo kilichotobolewa katikati.

"Ni mzinga," alisema. "Umeangushwa na udongo. Nyuki wamelowa hata kuruka hawawezi. Mmoja tu ndiye alikuwa na nguvu, na akanichagua mimi."

Ndani mlikuwa na masega yaliyobaki mazima, yenye asali nyeusi yenye harufu ya moshi na maua. Benta alichovya ncha ya kijiti, akapiga magoti kando ya Lawrence.

"Unamkumbuka Sauli siku ya vita?" alimuuliza. "Aliwaapisha watu wake wasile kitu mpaka jioni. Jeshi likazimia kwa njaa."

"Namkumbuka."

"Yonathani mwanawe akapita msituni, akaonja asali kwa ncha ya fimbo, macho yake yakapata nuru. Sauli akataka kumuua kwa ajili ya kiapo. Nani alimwokoa?"

Lawrence alilamba midomo iliyopasuka. "Watu."

"Watu walikataa. Na Mungu hakuwapiga. Sasa hapa watu ni mimi na Joyline, na tunakataa."

Benta alidhani ameshinda. Lakini Lawrence alifumbua macho, na macho yalikuwa na akili timamu.

"Yonathani hakuapa yeye, mama. Alikuwa hajui. Mimi niliapa kwa mdomo wangu."

Ilikuwa kweli. Benta alikaa na kijiti chake mkononi, asali ikimdondokea vidoleni. Nzi walikuwa wameanza kuujia mguu. Akawafukuza. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwenye kikundi wala kwa mchungaji.

Alisema kwamba mume wake, Opondo, alipokuwa akiugua, yeye Benta alifunga siku saba na kukesha kanisani. Alitaka Mungu aone bidii yake. Usiku wa mwisho Opondo aliomba maji, na mkewe hakuwapo. Waiyego ndiye aliyesikia kupitia ukutani, akaamka, akamnywesha kwa kijiko, akamshika kichwa mpaka akaaga.

"Kwa miaka kumi na moja nimejiuliza ni nani kati yetu wawili aliyekuwa akiomba usiku ule," alisema. "Ninadhani ni Waiyego."

Joyline alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na nikinywa halafu Nabwire afe?" Lawrence aliuliza.

"Sijui. Sitakudanganya, nimeshadanganya vya kutosha wiki hii. Lakini akiamka Jumatatu aulize mumewe yuko wapi, nimwambie nini? Kwamba maji yalikuwapo?"

Lawrence alitazama juu, kwenye ukuta mwekundu ulioshuka. Machozi hayakumtoka, hayakuwapo mwilini. Midomo yake ilitikisika kwa maneno ambayo wanawake wale hawakuyasikia, wala hawakujaribu kuyasikia. Kisha akafungua kinywa kama mtoto.

Benta alimpa maji kwanza, kidogo kidogo, matone kutoka kwenye kitambaa alichokichovya katika maji ya mvua yaliyotuama mwambani. Kisha asali. Kisha maji tena. Iliyobaki akaipaka kwenye jeraha, kama mamake alivyokuwa akipaka vidonda vya moto huko kwao ziwani. Walifanya hivyo asubuhi nzima. Kivuli kilipofupika, Lawrence alimwita Benta kwa jina lake.

Saa tisa hivi wakasikia panga likifyeka. Mwanamke mrefu aliyevaa buti za mpira alitokea upande wa genge, mahali ambapo Joyline alikuwa ameapa hapapitiki. Alilitazama gogo, akawatazama wao.

"Nani amekula asali yangu?"

"Ni mimi, mama," Benta alisema.

Mwanamke aliona mguu. Akaliweka panga chini. Jina lake lilikuwa Kobilo, mjane wa kijiji cha chini, na mizinga ya msitu ule aliachiwa na mumewe. Wanaume wa kwao walimcheka kwamba mizinga si kazi ya mwanamke, kwa hiyo kila baada ya mvua kubwa alipita kuikagua mmoja mmoja, asije akapoteza hata mmoja wakapata la kusema.

"Watu wenu wanawatafuta upande gani?"

"Hawatutafuti. Hatukumwambia mtu."

Kobilo alitikisa kichwa. "Mimi hata nikipeleka mbuzi malishoni namwambia jirani," alisema.

Akasogea ukingoni, akaweka viganja mdomoni, akapiga ukelele mrefu kwa Kikeiyo ulioteremka bondeni, ukajibiwa, ukajibiwa tena mbali zaidi. Kabla ya jua kuzama walikuja wanaume sita na machela ya miti miwili na magunia. Wanaume wale wale waliomcheka. Njia ya mbuzi ilikuwa pana kama unyayo mmoja, na walimteremsha Lawrence wakipokezana. Kobilo alitangulia. Kila penye utelezi alisimama, akatoa mkono wake, akamvusha Benta.

Jumatatu wote wawili walipasuliwa, mume na mke, katika hospitali moja na wodi mbili tofauti. Benta alipofika nyumbani akiwa na udongo hadi kwenye nywele, alimkuta Waiyego ameketi mlangoni, chupa ya chai tupu mapajani. Tangu Jumamosi, alipoona asubuhi imepita bila komeo kulia, Waiyego alikuwa amezunguka na miguu yake iliyovimba sokoni, kituoni na kwenye milango ya hospitali tatu. Alichemsha maji, akamwosha Benta miguu, na Benta alipotaka kumzuia aliambiwa atulie.

Nabwire aliamka Jumanne. Alikuwa dhaifu, na daktari alisema matibabu bado ni marefu. Alimuulizia mume wake. Joyline akaenda, akamleta kwenye kiti cha magurudumu, akawaacha.

Mwezi wa sita Benta na Joyline waliteremka tena bondeni, safari hii kwa barabara. Kapsoya nzima ilijua wanakokwenda, kwani Waiyego alihakikisha. Walibeba sukari, majani ya chai, na mzinga mpya ambao Lawrence aliupasua na kuuchonga akiwa ameketi, mguu umenyooshwa juu ya kigoda. Kobilo aliugonga kwa vidole, akaunusa ndani, akasema mbao si mbaya kwa mtu wa mjini. Akapika ugali na mboga, akaleta mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, akasimama juu yao mpaka sahani zikawa tupu.

Walipoaga aliwasindikiza hadi kwenye daraja. Alimshika Benta mkono, hakuuachilia haraka.

"Mje tena mnione," alisema. "Mleteni huyo mwenye mguu, na mke wake akipata nguvu. Lakini mkija kwangu, mje mkiwa mnakula."