Mshono wa Chini ya Bitana

Kila alasiri, Sindano akirudi kutoka shule, alinawa mikono, akala upesi, kisha akakaa kwenye kigoda chake kando ya meza ya kukatia. Jina hilo la Sindano alipewa nyumbani kwa sababu mbili: alikuwa mwembamba, na maneno yake yalichoma. Kazi yake ilikuwa kumalizia mikoba. Alikata nyuzi zilizoning'inia, akafungua na kufunga zipu mara tatu, kisha akaukanyaga mkoba kwa mguu mmoja na kuuvuta mkanda kwa nguvu zake zote. Mama yake, fundi wa mikoba, alikuwa na sheria moja tu kuhusu jambo hilo.

"Vuta wewe kabla mteja hajavuta," alisema kila siku, kana kwamba Sindano angesahau.

Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani mbili. Ndogo ilishona bitana za ndani na zipu. Kubwa, ya chuma kizito, ilipita kwenye turubai lililokunjwa mara nne bila kulalamika. Sindano alijifunza kusimama akiwa ameshika mguu wa cherehani hiyo. Ila kwa wiki kadhaa sasa cherehani kubwa ilikuwa kimya, imefunikwa kitambaa.

Sababu haikuwa ubovu wa mikoba. Watu waliokuwa wakipita mlangoni na kupapasa mishono kwa vidole, sasa walinunua kwa simu wakiwa wamekaa kwao. Mama naye hakutaka kuachwa nyuma, akafungua ukurasa kwenye soko la mtandaoni. Sindano ndiye aliyepiga picha, na picha zilipendeza. Tatizo lilikuwa nyota. Muuzaji mwingine wa mikoba katika soko lilelile alikuwa na maoni zaidi ya mia mbili, yote ya nyota tano. Wao walikuwa na maoni manne, na moja kati ya hayo lilimnyima Sindano raha. Lilisema: "Mkoba ulichelewa kufika kwa wiki nzima. Nilikasirika sana. Naubeba mwaka wa pili sasa, mkanda haujalegea." Kisha nyota tatu.

"Mama, huyu mtu katuharibia! Hatuwezi kumwomba ayafute?"

"Kasema uongo?"

"Hapana, lakini..."

"Basi mwache. Mkoba ulichelewa kweli, nilikuwa naumwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Siku hizi watu hawaji kukiona hicho kizuri, mama. Wanahesabu nyota kwanza."

Mama alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akakunja kipande cha turubai, akakikunjua tena. "Yule bwana wa karakana ya viti ameiulizia cherehani kubwa," alisema. "Mwezi ukiisha bila oda ya maana, nitamuuzia. Nitabaki na hii ndogo, nirekebishe nguo za watu."

Roho ilimuuma Sindano hata akashindwa kukata uzi.

Kesho yake alimweleza binamu yake, mtoto wa shangazi, ambaye wote walimwita Kasuku kwa sababu hakuna siri iliyowahi kulala kinywani mwake. Kasuku hakuona ugumu wowote.

"Kwani nyota zinatoka wapi? Zinatoka kwa watu wenye simu. Nyumbani kwetu kuna simu tano, kila moja ina akaunti mbili tatu, na nywila zote nazijua mimi."

"Lakini hawajanunua mkoba."

"Nani atajua? Wewe tunga, mimi nabonyeza."

Sindano alitunga. Moyo wake ulimshtaki kidogo mwanzoni, kisha ukazoea. Kwa siku mbili yakapatikana maoni kumi na moja, kila moja na nyota zake tano. Bibi yao, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kuuliza nani hajala, aliandikiwa hivi: "Nabebea kompyuta yangu ofisini, mkoba haunichoshi bega." Kaka yake Kasuku akawa msafiri: "Nilinyeshewa kutwa nzima, vitabu vyangu havikupata hata tone." Na kwa kuwa Sindano alijivunia kazi ya mama yake kwa dhati, aliweka sifa moja aliyoipenda kuliko zote, akairudia mahali patatu: "Chini ya bitana kuna mshono wa pili, ndiyo maana mkanda haukatiki."

Oda zikaanza kuingia. Wiki ya kwanza saba, wiki ya pili tisa. Kitambaa kikaondolewa, cherehani kubwa ikanguruma tena, na mama akaanza kuimba akiwa kazini. Siku moja aliinua kichwa na kusema, "Hawa watu wamenisemea vizuri kweli. Natamani niwajue, niwashukuru mmojammoja." Mkasi ulimponyoka Sindano, ukaanguka sakafuni.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Jumanne. Jumatano alasiri akaingia mwanamke aliyevaa sare ya uuguzi, mkononi ameshika mkoba wa rangi ya kijani uliolowa chapachapa. Sindano aliukumbuka. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuvuta mkanda wake.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Fundi yupo?"

Mama alimkaribisha kiti. Muuguzi hakupiga kelele, na hilo lilimtia Sindano hofu zaidi. Alitoa ndani ya mkoba daftari nene lililovimba, kurasa zimegandana, wino umetawanyika.

"Mimi huzunguka nyumba kwa nyumba kupima watoto uzito," alisema. "Humu nimeandika wote niliowapima mwezi huu, na wale wa kurudiwa haraka kwa sababu hawaendelei vizuri. Nilinyeshewa nusu saa tu, fundi. Nusu saa."

"Pole sana, dada. Lakini turubai hili si la kuzuia mvua kubwa. Nani alikuambia linazuia?"

"Wateja wako." Muuguzi alimpa simu. "Nilisoma kabla ya kununua. Soma mwenyewe."

Mama alisoma kwa sauti. Alisoma habari za msafiri aliyenyeshewa kutwa, akakunja uso. Akasoma ya mwenye kompyuta. Kisha akafika kwenye mshono wa pili. Alirudia kusoma polepole. Akachukua mkoba mpya mezani, akaugeuza ndani nje, akamwonyesha muuguzi kitambaa kilichofunika kila kitu.

"Dada, wewe umeubeba mkoba wako wiki mbili. Umeuona mshono wa pili?"

"Mshono gani?"

"Ndiyo hivyo. Hauonekani mpaka upasue bitana. Na mteja gani atapasua mkoba wake mpya ili ahesabu mishono? Wanaoujua mshono huu ni watu wawili tu duniani. Mmoja ni mimi."

Hakumtaja wa pili. Sindano alihisi uso ukimwaka. Lilimjia wazo la kumsingizia mtu, lakini macho yake yaliangukia lile daftari, na wazo likakosa pa kukaa.

"Ni mimi, mama," alisema. "Yote kumi na moja. Nilitaka cherehani isiuzwe." Machozi yakamtoka.

Mama aliketi. Hakumgombeza, ila sauti yake ilikuwa nzito. "Kila siku unauvuta mkanda usije ukamwangusha mtu njiani. Kisha ukaenda kuandika maneno ambayo hukuyavuta hata mara moja. Dada huyu ameyategemea, yamemkatikia."

"Kwenye ukurasa mmoja humu kuna watoto wanne wa kurudiwa leo," alisema muuguzi. "Nawakumbuka wawili. Hao wengine siwajui ni nyumba zipi."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Sindano ilikuwa imeishia palepale mezani. Alijifuta machozi kwa mkono, akauliza swali lililokuwa na maana kuliko kulia. "Mama, pasi inaweza kukausha karatasi?"

Mama alimtazama, akafikiri. "Ikiwa ya uvuguvugu, na ukiweka kitambaa juu na chini, inaweza."

Wakaanza. Mama aliachanisha kurasa kwa ncha ya sindano ndefu, akazipiga pasi moja baada ya nyingine taratibu, mvuke ukipanda. Wino ulikuwa umekwenda na maji, lakini muuguzi alikuwa mtu wa kuandika kwa kukandamiza kalamu. Sindano alipoinamisha ukurasa kuelekea dirishani, aliona mikwaruzo ya herufi. Macho yake yalizoea kutafuta uzi mmoja uliokosea katika mkoba mzima. Akasoma, akakosea, akarudia, na muuguzi akaandika katika daftari jipya. Jua lilipoanza kuegemea magharibi, watoto wote wanne walikuwa wamepatikana. Muuguzi alinyanyuka palepale, akaenda kuwatazama kabla giza halijaingia.

Siku iliyofuata Kasuku aliitwa. Alikuja na simu tano mfukoni na uso wa mtu aliyeitwa mahakamani. Walifuta maoni kumi na moja, la bibi likiwa la mwisho, na bibi mwenyewe alipopata habari aliuliza hiyo kompyuta yake iko wapi. Kisha Sindano, kwa kidole chake mwenyewe, akaandika kwenye ukurasa: "Mimi ni binti wa fundi. Maoni kumi na moja yaliyokuwa hapa niliyaandika mimi, si wateja. Nimeyafuta. Naomba radhi. Mikoba yetu ni imara, lakini haizuii mvua kubwa. Aliyenunua mkoba kwa sababu ya maneno yangu aurudishe, tutamrudishia pesa yake."

Mikoba miwili ilirudi. Oda mpya zikakatika kabisa. Ukurasa ukabaki na maoni yake manne ya zamani, na yule wa nyota tatu akiwa bado amekaa katikati.

Mama hakukaa kulaumu. Alinunua kitambaa cha mpira, akakata mkoba wa namna nyingine na kuushona kwa cherehani kubwa. Wakaweka gazeti ndani, wakamwagia ndoo ya maji uani. Gazeti likalowa, maji yalipita kwenye zipu.

"Tumeshindwa," alisema Sindano, akitaka kufuta video aliyorekodi.

"Usifute. Iweke. Sasa tunashona kifuniko."

Mkoba wa pili ulikuwa na kifuniko kirefu kilichoshuka juu ya zipu. Ndoo ikamwagwa, ya pili ikafuata, na gazeti likatoka kavu kabisa. Waliweka video zote mbili, ya kushindwa na ya kufaulu. Mkoba ule alipewa muuguzi, naye baada ya siku chache akaandika: "Wa kwanza uliingia maji. Huu umevuka mvua mbili, daftari kavu. Zipu ni ngumu kidogo." Nyota nne.

"Zipu ngumu, mama," Sindano alisoma. Zamani angeikasirikia ile nyota iliyokosekana. Sasa aliinuka akatafuta mshumaa, akaanza kupaka nta kwenye zipu zote zilizokuwa mezani.

Siku ya mwisho ya mwezi ikafika, na bwana wa karakana alikuwa ameahidi kuja na mkokoteni jioni. Mama aliisugua cherehani kubwa kwa mafuta, maana hakutaka iondoke ikiwa chafu. Sindano alishindwa kutazama. Hapo ndipo mwanamke mmoja mwenye miwani alipobisha hodi.

"Mimi ni mwalimu, nasimamia maktaba ya shule," alisema. "Natafuta mikoba sitini. Wanafunzi wanachukua vitabu nyumbani, vinarudi vimelowa."

Sindano alishindwa kujizuia. "Mwalimu, umetuchaguaje? Yule mwingine ana maoni mia mbili."

"Niliyasoma. Wote mia mbili wanasema 'safi sana, safi sana', hakuna hata mmoja anayesema aliutumia wapi. Nikamtafuta aliyekasirika. Kwenu nikampata wa nyota tatu. Huyu ana hasira na nyinyi, lakini anakiri kwamba anaubeba mwaka wa pili na mkanda haujalegea. Mtu mwenye hasira hasifii bure." Aliitazama ile meza, kisha Sindano. "Halafu nikatazama zile video za ndoo, nikasoma na maneno ya binti wa fundi. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, mwalimu."

"Uliandika kwa ujasiri. Ila kwa sababu hiyo hiyo, leo siamini mpaka nione."

"Ndivyo inavyopaswa," alisema mama. Akachukua mkoba mmoja wa kifuniko uliokwisha kukamilika, akauchana bitana kwa mkasi bila kusita, akaufunua mbele ya mwalimu. Mshono wa pili ulikuwepo, umenyooka toka mwanzo hadi mwisho. Mwalimu aliugusa kwa kidole, akaukanyaga mkoba, akauvuta mkanda mpaka miwani ikamteremka puani. Mkanda haukusogea.

"Sitini," alisema, akipandisha miwani.

Bwana wa karakana alipofika na mkokoteni wake, aliikuta cherehani kubwa ikinguruma. Alisimama mlangoni, akasikiliza, akacheka. "Naona bibi harusi kakataa kuondoka," alisema, akageuza mkokoteni.

Mama alisimamisha cherehani, akamvuta binti yake karibu. "Umeona, mwanangu? Nyota kumi na moja za kujitungia zilituletea wateja wa wiki mbili. Neno moja la kweli la mtu mwenye hasira limetuletea mikoba sitini. Ukinunua, usihesabu nyota, soma mtu alichokifanya na hicho kitu. Na ukiandika, andika ulichokiona kwa macho yako, maana kuna mtu atakibeba kwenye mvua."

"Nimesikia, mama."

"Basi shika kazi. Na ule niliouchana utaushona wewe."

Sindano alivuta kigoda chake karibu na cherehani ndogo. Alishona bitana, akakata nyuzi, akaipaka zipu nta. Kisha akaukanyaga mkoba kwa mguu mmoja na kuuvuta mkanda kwa nguvu zake zote.