Mikoba Yenye Sura ya Secilia

Enzi za vijiji vya ujamaa, kule Kwai, alikuwepo binti mmoja, Secilia, jirani wa bibi yangu. Mbio zake hazikuwa na mpinzani Lushoto nzima. Asubuhi alikata majani ya ng'ombe wa kijiji. Jioni alikimbia peku barabarani, na mchumba wake Timotheo akimtazama kutoka juu ya tuta.

Timotheo alikuwa mchoraji. Siku Secilia aliposhinda mashindano ya wilaya, alimchora akikata utepe, mdomo wazi, jasho likimeremeta shingoni. Mama yake Secilia alipoiona picha hiyo alirudi nyuma.

"Hii inapumua," alisema.

Duka la ushirika likaipenda. Timotheo akaanza kuinakili kwa mkono kwenye mikoba ya ngozi, mmoja baada ya mwingine. Jumapili kanisani wanawake waliketi na Secilia wa mikobani mapajani, naye Secilia mwenyewe akainamisha uso kwa haya, moyoni akijivuna.

Ndipo miguu ikaanza kuwa mizito. Kwanza ilimlemea mlimani, halafu hata tambarare. Tabibu wa zahanati alimpa dawa ya malaria. Haikusaidia. Kila mkoba mpya ulipotundikwa dukani, Secilia alijua kabla hajaambiwa. Kitu kilimchomoka nyayoni, taratibu, kama mwiba mrefu. Na mchujo wa timu ya taifa ulikuwa unakaribia.

"Pumzika tu, mpenzi," Timotheo alimwambia, akimkanda miguu. "Mimi nipo."

Alasiri moja ukungu ulishuka hadi vizingitini. Secilia alitoka kwenda kisimani, akijikongoja kwa fimbo. Nyuma yake akasikia kitu kinakwaruza.

Akasimama. Kikanyamaza.

Akatembea. Kikakwaruza tena.

Akageuka. Mtu alikuwa amechutama njiani, ana kijiko na kopo la rangi. Alikuwa anachota udongo wa unyayo ambao Secilia alikuwa ameuacha sasa hivi.

Alikuwa Timotheo.

"Unafanya nini?" Secilia alinong'ona.

Timotheo hakushtuka. Alifunika kopo kwanza. "Bila udongo huu kwenye rangi, zingekuwa picha tu."

"Miguu yangu, Timotheo."

"Wangekuchukua Dar es Salaam. Ungenirudia wewe?"

Secilia aliitazama mikono ile iliyokuwa ikimkanda. Akageuka aondoke, akaanguka. Timotheo alimbeba polepole hadi kwao, kama bibi harusi.

"Shikamoo, mama," alisema mlangoni. "Mwenzangu ameteleza."

Alipoondoka, Secilia alimweleza mama yake yote. Hakulia. Alisema tu, "Nilimpenda, mama," kisha akageukia ukutani. Mama alilala naye kitanda kimoja, mkono wake juu ya miguu ya mwanawe, na miguu ile haikutikisika hata kidogo.

Kulipopambazuka baba yake Secilia na wazee walikwenda kwa Timotheo. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Waliuvunja. Uji ulikuwa ungali moto mezani. Mwenyewe hakuwepo, wala hajaonekana tena hadi leo.

Lakini sakafuni, ukutani, hata darini, palijaa nyayo za udongo mwekundu. Nyayo za peku, za kike, zote za kipimo kimoja. Baba yake Secilia alipima mmoja kwa shubiri yake, akaona ni wa binti yake, akaketi chini palepale.

Zote zilielekea kitandani. Hapakuwa na hata mmoja uliorudi.