Talaka ya Mlango wa Pili

“Sema kwa sauti, Mwinyimvua. Walio nyuma hawakusikia.”

Akida Mohamedi, mkusanya kodi wa Wajerumani, alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, hapo hapo barabarani Bungu. Mwinyimvua hakuthubutu kumtazama mkewe usoni.

“Nimekuacha, Mwanawetu. Talaka moja.”

Mwanawetu akaangua kilio. Kilio chenyewe walikipanga jana yake wakitwanga mpunga, lakini hata yeye alijishangaa jinsi machozi yalivyokuja upesi.

Kisa chote kilikuwa kibanda. Mwanawetu alianza kukaanga vitumbua na kuwauzia wapagazi wanaopita na mizigo ya pwani, na biashara ikamkubali. Ila wapagazi nao wakikuta unga hauna mwenyewe, wanachota. Basi Mwinyimvua kwa mapenzi yake akaenda hadi pwani ya Kiongoroni kukata mikoko, akamtengenezea mlango madhubuti wenye komeo. Mwanamke alivyoufurahia, ungedhani kavishwa mkufu wa dhahabu.

Akida alipokuja hakuuliza habari za vitumbua.

“Penye mlango pana nyumba,” alisema. “Nyumba mbili, kodi mbili, na zote juu ya mume.”

Kodi ya nyumba moja Mwinyimvua aliiweza kwa taabu. Aliyeshindwa alipelekwa kulima pamba ya Mjerumani, na waliokwenda walirudi migongo imechanika kwa viboko. Lakini akida huyu alikuwa na desturi ya kuwaruka wanawake wasio na waume. Hapo ndipo wapenzi wetu walipopata akili, au tuseme ilipowaruka.

Akida alipokwenda zake barazani kwa jumbe wa kijiji, Mwanawetu akafuta machozi, akacheka.

“Bwana we, umesema kama kweli!”

“Nawe umelia mpaka nimeogopa.”

“Mnacheka nini?” aliuliza Mwalimu Huseni, mwenye chuo cha Kurani pale kijijini. Alikuwa bado amesimama, tasbihi mkononi.

“Mwalimu, ulikuwa mchezo tu. Tumkwepe yule mtu.”

“Talaka haina mchezo. Mume akishaitamka, imepita. Hamkujua?”

Kicheko kikakatika.

“Lahaula! Sasa tufanyeje?”

“Mrejee kabla eda yake haijaisha. Neno moja mbele ya mashahidi wawili, yamekwisha.”

Mwinyimvua akafungua kinywa. Kule barazani akida alikuwa anaonekana, anakunywa dafu. Kinywa kikafungwa.

“Tungoje kwanza akida aondoke,” akasema.

Mwanawetu akabeba mkeka wake, akahamia kibandani.

Akida aliondoka, akarudi, akaondoka tena, na Mwinyimvua bado anangoja. Kila asubuhi alipita na jembe begani.

“Mwana, umelalaje?”

“Nimelala kama mwanamke aliyeachwa.”

“Usiseme hivyo.”

“Nisemeje? Ning’oe mlango basi, unirejee.”

“Uung’oe? Unga ukiibwa, kodi ya nyumba yangu ntailipa na nini? Vitumbua vyako ndivyo vinavyotushika.”

“Kwa hiyo vitumbua unavitaka, mke humtaki.”

“Nautaka mgongo wangu, Mwana! Umewaona wa pambani, hata kuinama kusali hawawezi.”

“Unirejee basi kwa siri.”

“Mashahidi gani wa Bungu wanaojua kuweka siri?”

Mwanawetu alimpenda bado, na kumpenda huko kulimuuma kuliko matusi. Mwanamume aliyemkatia mikoko matopeni, leo anashindwa kumtamkia neno moja.

Mara vita vikaja. Ilisemwa Wamatumbi wameng’oa pamba milimani, na wana dawa ya maji inayozuia risasi. Vijana wa upande wa Umwe wakaanza kutoweka kimyakimya kwenda kujiunga nao. Nao askari wa Mjerumani wakashuka barabarani kukamata watu wa kubeba mizigo ya vita. Hawakuuliza nani kalipa kodi na nani hakulipa.

Shangazi Mwamvua, aliyemlea Mwanawetu, ndiye aliyeleta habari.

“Wamemchukua mumeo, mwanangu. Wamemkuta shambani.”

“Si mume wangu. Kaniacha mbele yako.”

“Eda yako je?”

“Inakwisha siku yoyote.”

“Na huko wanakopelekwa, watu hawarudi upesi.”

Kesho yake msafara ukapita mbele ya kibanda, wapagazi wamefungwa kamba shingoni, akida anausindikiza. Mwinyimvua alikuwa katikati, sanduku la risasi kichwani. Mwanawetu akatoka mbio, Shangazi na Mwalimu Huseni nyuma yake.

“Mwinyimvua! Unaondoka na neno langu?”

Askari akamsukuma kando. Mwinyimvua akasimama, na mstari mzima ukasimama naye.

“Mwalimu Huseni! Shangazi! Na nyinyi wenzangu mlio kwenye kamba! Shuhudieni, nimemrejea mke wangu, Mwanawetu binti Mrisho!”

“Tumeshuhudia!” wakaitikia wapagazi, watu asiowajua hata majina.

Kitako cha bunduki kikampiga begani. Akayumba, lakini sanduku halikuanguka.

“Nisamehe, Mwana. Nimechelewa.”

“Umechelewa sana, mume wangu. Lakini umefika.”

Kamba ikavutwa, wakaenda. Mwanawetu alimwangalia mpaka vumbi likamficha.

Akida alikuwa amebaki nyuma kidogo, anatabasamu.

“Vizuri. Mke karudi kwa mumewe. Milango miwili, kodi mbili. Na kwa kuwa mume hayupo, ntakudai wewe.”

Mwanawetu akachukua shoka, akaung’oa ule mlango pamoja na komeo lake. Akaupasua hapo hapo mbele yake, vipande akavisukumia chini ya kikaango. Mkoko unawaka vizuri sana.

“Hesabu sasa, akida.”

Akida akautazama uwazi wa kibanda, akatema mate, akaufuata msafara wake. Wapagazi wa mwisho walipokea vitumbua vya moto bila kulipa.

Shangazi Mwamvua akakaa karibu na jiko.

“Sasa watakuibia unga.”

“Waibe.”

“Na asiporudi, mwanangu?”

Mwanawetu aligeuza vitumbua kimoja kimoja kabla ya kusema.

“Asiporudi ntakaa eda ya mjane, shangazi. Si ya aliyeachwa.”

Akaongeza kipande kingine cha mlango motoni.