Pumzi ya Tatu

Asubuhi hiyo ya Januari, Fernande Lacasse aliingia chumba cha hazina kuchukua mihuri akakuta sehemu moja ya ukuta wa chuma imeloa mvuke, kama kioo alichokipumulia mtu. Aliifuta kwa leso. Alipogeuka ilikuwa imeloa tena. Alimweleza meneja, Bwana Ovila Thériault, naye akasema ni joto la jiko la makaa lililo chini.

Benki yao ilikuwa ndogo, katika mji wa machimbo ya dhahabu wa Lac-Perdrix, kaskazini mwa Kebeki. Saa tano mchana waliingia wanaume wawili, nyuso zimefichwa kwa kofia za sufu, theluji bado mabegani, bunduki mkononi. Hawakumaliza dakika saba. Walijaza magunia, wakawasukuma meneja na Fernande ndani ya chumba cha hazina, wakaufunga mlango na kuzungusha kufuli.

Namba za kufuli lile alizijua Thériault peke yake, na mlango ulikuwa mnene kiasi kwamba hata angepiga kelele hadi koo lipasuke, nje wasingesikia neno.

Walikaa sakafuni gizani. Baada ya muda Fernande alinong'ona, "Bwana Thériault, tuko wangapi humu?"

"Wawili, Bi Fernande. Usiongee, tutunze hewa."

"Basi zuia pumzi kidogo. Na mimi nazuia."

Walizuia. Pumzi ya tatu iliendelea, nzito, ya kuhangaika, na Fernande akahisi uvuguvugu wake nyuma ya shingo yake, kisha shavuni, kisha ukapita juu ya kichwa chake polepole kumwendea meneja, na kadiri ulivyomkaribia ndivyo hewa ilivyozidi kuwa haba, hadi masikio yakaanza kumvuma na akajikuta anakwaruza zulia kwa kucha akitafuta ufa ambao alijua haupo, kwa maana miaka mitatu nyuma karani mwenzake Aurèle Gingras alikwaruza zulia lilo hilo, alipofungiwa humo na wezi wengine, akafa kwa kukosa hewa huku meneja akiwaapia polisi kwamba hofu imemsahaulisha namba.

Gizani, Thériault alianza kulia.

"Nilizikumbuka, Aurèle," alisema kwa sauti iliyokauka. "Tangu mwanzo nilizikumbuka."

Fernande alimshika mkono. Yeye ndiye aliyempelekea mama yake Aurèle chakula siku ya maziko.

"Mwambie na sababu," alinong'ona.

Akaisema. Wezi wa mara ile walikuwa watu wake, mmoja wao shemeji yake, na Aurèle alikuwa ameitambua sauti ya huyo shemeji. Thériault alingoja saa nne nzima kabla ya kuwapa polisi namba.

Pale pale kifua cha Fernande kikafunguka. Aliivuta hewa kama mtu aliyetoka majini. Kando yake Thériault alikuwa anakoroma, kama aliyekabwa.

Wachimba migodi walitoboa mlango kwa mashine zao jioni. Waliwatoa wote wawili wazima. Fernande alikataa blanketi na brandi, akamwomba inspekta wa polisi waende pembeni, akamsimulia kila neno. Thériault hakubisha, aliuliza tu kama gari la polisi lina madirisha.

Jumapili Padri Bellemare alikuja na maji ya baraka. Alisali ndani ya chumba kile kwa muda mrefu, mlango wazi, Fernande amesimama kizingitini. Ukuta ulikauka, na haukuloa tena. Watu wakasema yamekwisha.

Wiki hiyo, katika gereza la wilaya, askari aliyempelekea Thériault supu ya mbaazi alirudi jikoni kuomba bakuli la pili. Mpishi alimuuliza la nani. Askari alifungua mdomo kujibu, akanyamaza, kwa sababu chumba cha Thériault alikifunga yeye mwenyewe, na kilikuwa cha mtu mmoja.