Moshi wa Gari la Karisa

Jua lilikuwa limeanza kushuka Mbeyu na mwanawe Karisa walipoingia gereji mjini Malindi, gari lao kuukuu likifuka kama jiko la kuni mbichi. Moshi mweupe. Haukupanda juu kama moshi wa watu. Ulilala chini, ukamzunguka Mbeyu miguuni, ukatulia.

Tangu matanga ya babake Karisa, gari lilikuwa hivyo.

"Shikamoo, mama," alisema fundi Dena.

"Marahaba. Liamkie gari, ndilo gonjwa."

Dena akacheka. Moshi mweusi, alieleza, ni petroli nyingi. Wa buluu, injini inaunguza oili. Mweupe, gasketi imepasuka, injini inakunywa maji. Akafungua rejeta: maji tele. Akachomoa kijiti cha oili: sawa. Akainama nyuma, akanusa, akakunja uso.

"Mna ugoro humu?"

Mwenye ugoro alikuwa Mzee Mwaringa, mumewe Mbeyu, naye alikuwa kaburini.

Kijijini kwao Adu, siku hizi kuota mvi ni kesi ya uchawi. Wazee wenziwe Mwaringa walijipaka piko vichwani wakawa weusi kama bwana harusi. Yeye alikataa. "Mvi zangu sikuiba," alisema. Basi mtoto wa jirani alipougua, vijana wakanoa mapanga, na mchawi aliyetajwa akawa yeye. Karisa akamficha babake ndani ya buti, Mbeyu akaketi mbele, gari likaondoka mbio. Njiani mzee aligonga. Akagonga tena. Mbeyu, kwa ulimi wake ule, akageuka akamkaripia:

"Bado, mzee! Tulia!"

Kugonga kukakoma.

Walipofungua, alikuwa amelala. Hana hata mkwaruzo. Kijijini wakasema uchawi umemrudia mwenyewe. Karisa akasema ni hofu, na wauaji ni vijana wale. Chuki hiyo ndiyo iliyokuwa fimbo yake ya kutembelea.

Pale gereji, Karisa akaenda kutafuta chakula. Dena akaingia uvunguni na tochi.

"Mama... bomba la moshi limepasuka huku, chini ya buti. Na sakafu ya buti imeliwa na kutu. Moshi wote unaingia ndani." Akatoka, akajipangusa. "Msibebe hata mbuzi humu. Atalala asiamke, na jeraha hutaliona. Ufa wenyewe si wa jana. Ila huo weupe... huo sijui unatoka wapi."

Mbeyu akaushika mlango wa gari.

Si hofu. Si uchawi.

Gari.

Gari la mwanawe, na mkono wa mwanawe uliofunga buti.

"Karisa akirudi," alinong'ona, "mwambie ilikuwa gasketi."

"Lakini mama, si gasketi..."

"Ulisomea ufundi au ubishi?"

Dena alimtazama usoni, akaacha kubisha. Akachomelea ufa, akaziba sakafu kwa bati. Karisa aliporudi na mihogo ya kukaanga, injini iliwashwa. Moshi ulikuwa umekatika.

"Ilikuwa nini, fundi?"

Dena akainamia spana zake. "Gasketi."

"Gasketi tu! Nasi tulishaanza kuogopa."

Wakashika njia ya Kakuyuni, walikohamia. Giza lilikuwa linaingia. Gari lilikwenda laini, kama jipya. Karisa akaanza kupiga mluzi. Mbeyu hakuwa ameusikia mluzi huo tangu mazishi.

Ngo.

Ngo... ngo.

Mluzi ukakatika. "Mama, umesikia?"

"Jeki hiyo. Endesha."

Akaendesha. Akarudia mluzi wake. Harufu ya ugoro ikajaa garini, nzito, ya kukaba koo. Kisha nyuma ya kiti, karibu kabisa na sikio la Mbeyu, sauti kavu ya mtu anayetafuta pumzi...

"Mbeyu... tumefika?"

Karisa hakusikia. Mbeyu alikaza macho barabarani, machozi yakimshuka, naye hakuwa mwanamke wa machozi. Neno moja tu la kweli kwa Karisa, na mzee angepata njia ya kupumzika. Lakini kumfungulia mume ni kumfungia mwana.

"Bado, mzee," alinong'ona. "Tulia."

Kugonga kukakoma.

Kama siku ile.