Kipande cha Kumi na Mbili

Plagi ilikuwa mkononi mwake, na mita ya mashine ilikuwa bado inahesabu.

Mwanafunzi aliitazama plagi, akaitazama mita. 290,806. 290,807. Mota ilikuwa baridi na hakuna kilichokuwa kikizunguka. Namba tu ndizo zilizopanda, moja moja, kila moja na mlio wake mdogo, tik, kama mtu anayebofya kalamu. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa madirishani, na karakana nzima ilinuka oili iliyoungua.

Kwa miaka miwili na nusu alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa mitambo, ile ya utafiti mtupu, isiyo na darasa wala mtihani: ni wewe, mashine yako na msimamizi wako, na Mungu akusaidie kwa huyo wa mwisho. Swali lake lilikuwa moja. Shafti, ule mhimili wa chuma unaozunguka, ikishatumika ina maisha kiasi gani yaliyobaki? Alichukua shafti ya pampu kuukuu iliyolala nyuma ya karakana, akakata vipande kumi na viwili, akavifunga kimoja kimoja kwenye mashine na kuvizungusha vikiwa vimebebeshwa uzito mpaka vikatike, kisha akaandika mizunguko.

Kumi na kimoja vilikatika. Cha kumi na mbili kiligoma. Kilizunguka mara milioni moja, mbili, tano, na kila asubuhi alikikuta kinang'aa kuliko jana. Jumapili mchana, siku ya mwisho ya kuwasilisha tasnifu, aliangalia grafu yake, akaona mahali ambapo nukta moja zaidi ingependeza, akaandika: kimevunjika, mizunguko 412,806. Akatuma. Aliona ni jambo dogo. Waongo wote huanza na jambo dogo.

"Imeanza upya toka sifuri, Jumapili mchana," sauti ilisema nyuma yake. Akageuka.

Alikuwa Babu Spana, fundi mkuu wa karakana, mzee aliyewachosha wanafunzi kwa sheria zake. Sheria ya kwanza: kila kipande kilichokatika kifungwe waya, nusu mbili pamoja, kiwekwe kwenye sanduku lake la mbao. Sheria ya pili: usiandike chuma kimevunjika kabla hakijavunjika chenyewe. Wanafunzi walimcheka. Sasa alikuwa ameshika lile sanduku, na nafasi ya kumi na mbili ilikuwa tupu.

"Umeandika vingapi, mwanangu?"

"Kumi na viwili," mwanafunzi alikiri, akamtajia na ile namba.

"Shafti hii ilizunguka miaka arobaini," Babu Spana alinong'ona. "Imezika mafundi wanne. Ina mwenyewe. Alikaa kimya kwa sababu hakuna aliyemdanganya. Wewe umemwambia kuna kitu kimevunjika. Basi anatafuta cha kuvunja, kile ukipendacho kuliko vyote, hesabu yako itimie."

Angetaka kucheka. Lakini sikio lake lilikuwa limeshashika mwendo wa ile mita: tik tatu za taratibu, kimya kidogo, kisha mbili za haraka haraka. Tatu, kimya, mbili. Aliujua mwendo huo. Utoto wake wote alilala sikio likiwa juu yake. Ulikuwa moyo wa mama yake, moyo ambao madaktari walisema una kasoro ndogo isiyo na madhara.

Alipiga simu.

"Mhandisi wangu," mama alisema. "Umekumbuka kuwa una mama?"

"Mama, shika mkono wako pale pa mapigo. Uhesabu kwa sauti."

"Siku hizi ni daktari pia? Haya. Ila nyumba hii inanuka oili tangu Jumapili, sijui ni jirani anatengeneza nini. Moja. Mbili. Tatu."

Na mita ikaenda naye, tik, tik, tik, bila kukosea hata mara moja, na chini ya sauti ya mama, karibu kabisa na simu, kulikuwa na sauti nyingine nzito iliyokuwa ikihesabu pamoja naye, ila yenyewe haikuanzia moja, yenyewe ilikuwa inasema laki mbili na tisini elfu mia tisa na kumi, na kumi na moja, na kumi na mbili.

"Mama, uko na nani?"

"Na nani? Niko peke yangu."

Babu Spana alikuwa ameshapiga hesabu nyuma ya bahasha. Kwa mwendo ule, mita ingefika 412,806 kesho, saa nane na robo mchana.

Mchana ule alifanya kosa la pili, kosa ambalo ni mhandisi tu angelifanya: akadhani nguvu itatosha. Alikifunga kipande tena, akaongeza uzito mara mbili ili kikatike kweli. Simu ikalia. Mama alikuwa akipiga kelele kwamba mgongo wake unapasuka katikati. Alizima mashine, akakaa sakafuni akalia kama mtoto.

Kesho yake saa saba alikuwa mlangoni kwa msimamizi wake. Profesa hakumwambia aketi. Alisikiliza yote, namba ya uongo, mita, mama, huku akichezea kofia ya kalamu.

"Majini," alisema. "Miaka miwili nimekufundisha, unaniletea majini. Grafu hiyo nimeshaisifia kwa watu wazito. Ukiifuta, shahada huna, na mimi umenipaka matope."

"Profesa, mama yangu atakufa leo."

"Akina mama hufa. Toka ofisini kwangu."

Alitoka. Aliandika barua kwa mkono, amesimama ukumbini, karatasi imeegemezwa ukutani: Kipande cha kumi na mbili hakikuvunjika. Namba niliitunga mwenyewe. Aliipeleka ofisi ya masomo ya uzamili, karani akaigonga muhuri, akapewa nakala. Mizunguko mia nne ilikuwa imebaki alipofika karakana anahema, na harufu ya oili ilikuwa nzito kiasi cha kuwasha macho, na ubaridi ulitoka kwenye kile chuma kana kwamba mtu alikuwa amekiinamia anakipulizia, na alisoma barua ile kwa sauti mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, huku Babu Spana akiwa ameshika sanduku kifuani, na namba zikipanda, mia nane na mbili, mia nane na tatu, mia nane na nne, mia nane na tano.

Kimya.

Mita ilisimama. Simu ikalia.

"Mwanangu," mama alisema, anahema. "Kuna kitu kilikuwa kimenikalia kifuani. Kimenyanyuka sasa hivi."

Shahada aliikosa. Hakujuta hata siku moja, ingawa alilia.

Miezi mitatu baadaye Babu Spana alimwita. Profesa alikuwa ameichapisha ile grafu kwa jina lake mwenyewe, nukta zote kumi na mbili. Na mita ilikuwa inahesabu tena, ilianza toka sifuri, plagi ikiwa imening'inia. Mwendo ulikuwa mwingine: mzito, wa kukwama, wa moyo wa mtu aliyezoea kufoka. Ilikuwa imepita laki nne.

"Utamwambia?" Babu Spana aliuliza.

"Nilishamwambia."

"Sikio la kufa halisikii dawa. Lakini mwambie tena, usije ukabeba mzigo wake."

Alipanda ngazi. Ukumbi ulinuka oili iliyoungua, na kadiri alivyosogea ndivyo harufu ilivyozidi. Alimchukia yule mtu; alijua hivyo, na bado alibisha.

"Hodi, Profesa. Ni mimi. Ile namba, tafadhali, ifute leo hii."

"Toka!"

Zilijibu sauti mbili kwa pamoja, ya pili ikiwa nzito, ile ile ya kwenye simu.

Aligeuka, akashuka ngazi akijishikilia ukutani. Getini alimpigia mama yake, akamsikiliza akipumua.