Keki Iliyobonyea

Kila Jumamosi nyumba yetu huamka kwa harufu ya siagi. Binti yangu huoka keki za kuuza, nami huchekecha unga. Wajukuu wawili hutusaidia: mdogo, Kitinda, huvunja mayai, dada yake hutoa mahubiri. Huyo tumempa jina la Malaika, maana kwa maelezo yake mwenyewe hajawahi kukosa.

Jumamosi moja mama yao alimpa Malaika kazi kubwa: keki ya fundi viatu wa mtaani, aliyekuwa anamwoza bintiye jioni ile. "Oveni isifunguliwe mpaka nirudi," akasema, akaenda kupeleka mikate dukani. Oveni yetu ina mlango wa bati tupu, haina kioo. Mimi na Kitinda tukatoka uani kuosha masufuria. Mtoto amenuna, utadhani kameza ndimu.

Mama aliporudi, akaitoa keki. Katikati imebonyea kama bakuli! Kitinda akaangua kilio.

"Ni mimi, mama! Nilimwonea wivu dada. Nilipokuwa nasugua masufuria niliomba moyoni ibonyee."

Hapo Malaika akapanda mimbari. "Mnamwona? Mimi hata kuwaza hivyo ningeona haya! Kuwaza ubaya na kuutenda ni kitu kimoja. Aadhibiwe, mama. Asiiguse tena oveni."

Binti yangu, hasira zimempanda, akasema, "Kitinda, kuanzia leo jikoni huingii."

Mtoto akakauka. Anapenda kuoka kuliko kucheza.

"Ngoja kwanza, mwanangu," nikasema. "Kama mawazo yangefungwa jela, nani angebaki nje kushika funguo? Malaika?"

"Ndiyo, bibi," akajibu bila haya. "Tena keki ilikuwa inaumuka vizuri! Pembeni imeshaiva, katikati tu ndiyo bado inatikisika. Roho yake mbaya ndiyo iliyoiharibu."

"Inatikisika?" nikamuuliza. "Uliionaje, bibie? Macho yako yanapenya bati?"

Malaika akatazama vidole vyake vya miguu.

"Nilichungulia kidogo tu, bibi. Sikuwa na nia mbaya."

"Ala! Nia yako safi, lakini mkono wako ndio ulioingiza baridi ndani ya oveni. Kisha ukanyamaza, mdogo wako abebe adhabu yako. Malaika wa bati wewe!"

Mama yao akamtuma kwa fundi viatu akaeleze kwa kinywa chake mwenyewe kwa nini keki itachelewa. Akirudi, trei zote ni zake kuosha. Kitinda akavunja mayai mengine, na safari hii akaoka yeye, mama yake akimsimamia. Keki ikatoka imesimama wima.

Hata hivyo mtoto hakutulia. "Lakini bibi, kweli niliwaza vibaya."

"Kweli, mjukuu wangu. Hilo mwombe Mola wako msamaha, na dada yako pia. Wazo baya ni kama unga uliotiwa hamira: ukiliacha penye joto litaumuka mpaka likufike mikononi. Liondoe mapema. Ila fimbo ya binadamu hufuata kilichotendwa. Ya moyoni hatuna macho ya kuyaona."

Kwenye karai, Malaika akabetua midomo. "Bibi, hata hujui ninachowaza sasa hivi."

"Waza upendavyo, bibie," nikamwambia. "Mradi unasugua."